Kilengeo cha Bortolo

Kaka yangu Bortolo alifariki mwezi wa pili, ini ndilo lililomwondoa. Mwezi wa tisa mimi nikammalizia, kwa tupa ndogo na nyundo ya shaba, nimeketi bandani kwangu napiga mluzi. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo mjane wake, shemeji yangu Giacinta, alikuwa bado anakutana naye, na mahali hapo nilipapiga tupa hadi pakaisha. Anayetaka kunionea huruma asikie kwanza.

Mimi ni fundi wa vilengeo. Miaka thelathini na minane nilikaa kwenye benchi moja, katika karakana moja hapa bondeni, tukiunda bastola za kizamani: zile za silinda ya matundu sita, unashindilia baruti nyeusi na risasi ya duara kwa mbele, nakala za zile walizopigania Wamarekani enzi za babu wa babu yangu. Bastola ikitoka kwa wenzangu ilikuja kwangu. Niliipiga kwenye karatasi ya shabaha, mita ishirini na tano, nikaangalia risasi imekwenda wapi. Ikienda kulia, kile kijipande cha chuma kilichosimama mdomoni mwa mtutu, kilengeo cha mbele, nakigonga kidogo kwenda kulia kwenye mtaro wake. Ikienda chini, nakipunguza kimo kwa tupa na risasi inapanda. Chuma kikishaliwa na tupa hakirudi, kwa hiyo unapunguza kidogo, unapiga, unaangalia, unapunguza tena. Nilikuwa fundi mzuri. Waulizeni watu.

Lakini kuna jambo moja ilinibidi nifikishe miaka sitini na minne ndipo nilielewe. Bastola zile zote nilizirekebisha kwa ajili ya mkono wa kawaida, ulionyooka, wenye nguvu za wastani. Karakana haimjui mnunuzi, basi tunamtungia mkono. Maisha yangu yote nimefanya kazi kwa ajili ya mkono ambao si wa mtu yeyote.

Mkono wa Bortolo ulikuwa wa mtu. Alikuwa na miaka kumi na tisa mashine ya kugonga vyuma ilipomkamata kifundo cha mkono wa kulia, na mfupa ukaungwa vibaya. Tangu hapo kiganja chake kiliangalia ndani, na kifundo kililegea. Ukimpa kitu kizito, kifundo kilipanda na kushuka chenyewe. Akimimina divai, chupa ililala upande, na sote mezani tulishazoea kumsogezea glasi. Akikoroga polenta, ugali wetu wa mahindi, alibana kiwiko kwenye mbavu, akainamisha kichwa juu ya sufuria, akakoroga kwa mwili mzima. Mtu wa namna hiyo ungemshauri acheze karata. Yeye akajiunga na klabu ya baruti nyeusi.

Bastola aliinunua kwetu, na kilengeo chake nilikirekebisha mimi. Jumamosi ya kwanza risasi zote zilikwenda juu kushoto, moja ikatoboa karatasi ya jirani. Nilicheka sana. Bortolo hakucheka. Aliichukua bastola yake akaenda nayo nyumbani, na Jumamosi iliyofuata akarudi nayo ikiwa na kitu mdomoni ambacho mpaka leo sijui nikiite nini. Aliking'oa kilengeo changu akachonga chake, kwa tupa la kunolea majembe, kirefu, kinene, kimeegemea kushoto kama jino bovu. Akapiga. Risasi tano zikaingia kwenye duara la tisa na la kumi, katikati ya karatasi.

Mimi niliona aibu. Hapa bondeni kila mtu anajua kazi ya kila mtu, na wote walijua bastola ya Bortolo ilipita kwenye benchi ya mdogo wake. Nilimwambia anipe nimwekee kilengeo cha kistaarabu. Akanijibu: "Mkono wangu umepinda, bastola yangu imepinda, tumepatana. Wewe kinachokuwasha ni nini?" Kwa miaka ishirini na miwili nilimwomba kila nilipokula kwao Jumapili, na mimi sikuoa, kwa hiyo nilikula kwao kila Jumapili. Alishinda mapaja matatu ya nguruwe kwenye mashindano ya klabu na lile jino lake bovu, na kila paja alinikatia kipande cha kwanza ili aone uso wangu ninavyotafuna.

Nilimpenda. Sikumwambia, maana sisi wanaume wa bonde hili tukipendana tunatafutana ubaya wa kazi.

Alipofariki, Giacinta hakulia mbele yetu. Giacinta ni mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyepikia watoto wa shule miaka thelathini na kuwanyamazisha kwa jicho tu. Akiwa na mumewe hakuwahi kukanyaga uwanja wa shabaha. Alisema baruti inanuka mayai mabovu na wanaume wake wananuka zaidi. Lakini mwezi wa nne Ezio, anayetunza uwanja, alinisimamisha nje ya kanisa akaniambia shemeji yako anakuja Jumamosi asubuhi, peke yake, na bastola ya marehemu. Kibali ameshapata. Anapiga wiki ya tatu sasa na karatasi inatoka safi, risasi zote zinakwenda chini kulia, kwenye udongo. Ezio amemwambia bastola imepinda, aipeleke kwa Faustino, yaani mimi, na Giacinta amemwambia ashughulike na uzio wake unaooza. Mwezi wa sita Ezio akaniambia tena: siku hizi anapata, tena anapata vizuri, ila anasimama vibaya. Lile la kwanza nililishika. Hili la pili liliingia sikio moja likatokea lingine.

Alichokuwa akikifanya pale nilikuja kuambiwa baadaye, lakini nakisema sasa ili mjue nilichoharibu. Giacinta alijua bastola ile si mbovu, maana mumewe alikuwa akishinda nayo. Basi alipokosa, akaanza kumtafuta. Akabana kiwiko kwenye mbavu kama kwenye polenta, risasi ikapanda kidogo. Akageuza kiganja ndani, ikasogea kushoto. Akakiachia kifundo kiruke kinavyotaka, akainamisha kichwa upande wa mkono, na siku moja ya mwezi wa tano risasi ikaingia kwenye kumi. Alisimama pale na moshi ukimzunguka, na alijua amesimama vilevile alivyosimama Bortolo, mbavu mahali pa mbavu, shavu mahali pa shavu. Akisimama kivyake bastola ilimkatalia, akisimama kama mumewe ilimkubali. Akawa anakwenda kila Jumamosi, risasi tano, mara nne. Hakumwambia mtu, kwa sababu angemwambia nani, na angesemaje.

Mwezi wa tisa akaja bandani kwangu na bastola imefungwa kwenye taulo la jikoni. Silinda haizunguki, alisema. Niliishika nikajua: springi ndogo inayousukuma ule mkono wa kuzungushia silinda imevunjika. Kila nakala huvunjika hapo, ni ugonjwa wao. Nikamwambia aniachie.

"Springi tu, Faustino," alisema akiwa mlangoni.

Springi ilinichukua dakika kumi. Kisha nikabaki na bastola mkononi, na lile jino bovu likiniangalia. Ingebaki kuwa kosa dogo laiti ningelifanya kwa huruma peke yake. Huruma ilikuwepo: nilimwona mjane mzee akikosa karatasi kila Jumamosi, na mimi ndugu wa mumewe nina dawa. Lakini chini ya huruma kulikuwa na kitu kingine, na nakitaja kwa sababu kuhani wangu ameshakisikia. Bortolo hakuwepo kunikataza. Miaka ishirini na miwili alinishinda, sasa amelala, na kilengeo chake kimebanwa kwenye jiliwa langu.

Nilikwenda nayo uwanjani asubuhi ya Jumatano, nikaipiga kutoka juu ya mfuko wa mchanga kama kazini. Chini kulia, upana wa kiganja. Nikarudi bandani, nikakigonga kilengeo kwenda kulia mpaka kikakaa katikati. Nikapunguza kimo, nikaenda uwanjani kupiga, nikaangalia, nikarudi bandani nikapunguza tena. Fundi mzuri. Nilipomaliza kimo nikasema siwezi kuacha ubavu unaoegemea, nikaunyoosha, nikaupunguza unene, nikasugua mtaro mzima ukang'aa kwa sababu mikwaruzo ya tupa lake la majembe ilinikera macho. Uwanjani risasi tano zikaingia kwenye tundu unaloweza kulifunika kwa kikombe cha kahawa. Nilikuwa na furaha. Nilimsemesha Bortolo kwa sauti, nikamwambia, unaona sasa, mbishi wewe.

Jumapili nikamrudishia, juu ya meza, kabla ya sungura na polenta. Giacinta alijaribu silinda, ikazunguka, akashukuru. Kilengeo aliona kinang'aa akadhani nimekisafisha tu. Nilitaka kumwambia lakini nikajizuia, nikasema acha akajionee mwenyewe Jumamosi, iwe zawadi. Nilikula sahani mbili.

Jumamosi kabla ya saa sita mchana alisukuma mlango wa banda. Hakuvua koti. Aliweka karatasi ya shabaha kwenye benchi, mbele yangu, akailaza kwa viganja viwili. Matundu matano yalikuwa katikati, yamekaribiana.

Nilimwuliza kama amepiga yeye. Akasema ndiye. Nikacheka kama mjinga, nikasema ndiyo maana nilimsumbua Bortolo miaka yote ile, unaona sasa bastola inavyotakiwa kuwa.

"Nilipokuletea nilikwambia nini?" aliniuliza.

"Springi."

"Springi nini?"

"Springi tu."

"Basi hilo 'tu' ulilipeleka wapi, Faustino?"

Akavuta kigoda akakaa, na hapo ndipo aliponieleza. Alieleza polepole bila kuniangalia, akikunja na kukunjua pembe ya karatasi. Asubuhi ile alisimama kama mumewe, risasi ikaenda juu kushoto nje ya karatasi. Akadhani amekosea yeye. Akapiga kumi na tano akijirekebisha, akizidi kumtafuta, na kila alipomkaribia bastola ilimkataa. Mwisho alichoka, akasimama wima kama askari wa barabarani, hajali, akapiga tano. Zikaingia zote.

"Ndizo hizi," alisema. "Umenifundisha kupiga peke yangu."

Nilisema mengi. Nilisema sikujua. Nilisema ungeniambia. Nilisema chuma ni chuma, nilichokiondoa nitakirudisha, nitachonga kingine kirefu, kinene, kibaya kama kile. Aliniuliza kama nilichukua kipimo cha kile cha zamani kabla ya kukigusa. Mimi, ambaye kazini nilikuwa naandika kipimo cha kila bastola kwenye daftari, hiki sikuwa nimekipima. Nani anapima jino bovu kabla ya kuling'oa.

Alipoondoka nilipiga magoti chini ya jiliwa na sumaku, nikapitisha kwenye nyufa za mbao mpaka nikakusanya vumbi la chuma la kujaza kifuniko cha kopo la kahawa. Nusu yake lilikuwa la kazi nyingine. Nilikaa nalo sakafuni nikalia kama ambavyo sikulia mwezi wa pili, nikijua vizuri kwamba nimeshika unga usio na faida kwa mtu yeyote.

Siku iliyofuata tulitafuta picha. Giacinta alitoa sanduku zima la picha za klabu, miaka ishirini na miwili ya Bortolo na bastola. Hamna hata moja ambamo anapiga. Katika kila picha amegeukia kamera, mdomo wazi, anamtania anayepiga picha, na bastola ameishusha pajani. Tulizipanga mezani kama karata, tukazipitia mara mbili.

Nikachonga kilengeo kipya kutoka kwenye kipande cha chuma laini, kirefu kupita kiasi makusudi, ili nibaki na cha kupunguza. Mpango wangu ulikuwa rahisi na nilijisifu nao kwa siku tatu: Giacinta atasimama kama Bortolo, atapiga, mimi nitapunguza na kugonga hadi risasi ziingie katikati. Mwili wake unakumbuka, mimi nitaufuata kwa tupa. Ezio alitufungulia uwanja siku ya Alhamisi, akaona nyuso zetu, akaenda kushughulika na uzio wake.

Nilimjazia matundu matano, nikapaka mafuta mazito juu ya kila risasi ili moto usirukie tundu la jirani, nikachomeka fataki. Giacinta akasimama. Kiwiko mbavuni, kiganja ndani, kichwa upande. Akapiga tano. Nilichukua darubini nikatafuta matundu. Moja lilikuwa chini kabisa, moja kulia, mawili mbalimbali, la tano sikuliona.

"Tena," alisema.

Tulirudia mara tatu. Yalizidi kutawanyika. Baada ya kila risasi alisogeza kitu: kiwiko mbele, kiwiko nyuma, kidevu juu. Mara ya nne hakuinua mkono. Alisimama na bastola imejaa, mtutu ukiangalia ardhi.

"Sikumbuki," alisema. "Bastola ndiyo iliyokuwa inaniambia. Nikimkosa inasema siye, nikimpata inasema ndiye. Mimi mwenyewe sijui kitu, Faustino. Nilikuwa namwuliza yeye."

Nikasema basi nisimame mimi, mimi nilisimama kando yake kila Jumamosi tangu aliponunua. Nikachukua bastola, nikabana kiwiko, nikageuza kiganja. Giacinta alinizunguka kama fundi cherehani. Akanisogeza bega. Akasema Bortolo hakukaza shingo hivyo. Nikasema alikaza. Akasema kitandani yeye hakuwahi kulala na mtu aliyekaza shingo namna ile. Nikasema kitandani si uwanjani. Tulibishana kweli, kwa sauti, wazee wawili uwanjani, kuhusu kichwa cha marehemu kiliinama vidole viwili au vitatu. Kisha nikafumba macho nimwone anavyosimama, nimalize ubishi. Nikaona kilengeo. Nikajaribu tena, nikaona kilengeo, kirefu, kinene, kimeegemea kushoto. Miaka ishirini na miwili nilisimama hatua moja kutoka kwa kaka yangu na nilikuwa nakiangalia kile tu, kwa hasira.

Nilimwambia Giacinta hivyo hivyo. Alinipangusa masizi ya baruti shavuni kwa pembe ya skafu yake, kwa nguvu, kama alivyokuwa akiwapangusa watoto wa shule. Akasema twende nyumbani.

Sasa sikilizeni nilichofanya, kwa sababu sijamwambia mtu isipokuwa kuhani. Nilijifungia bandani siku mbili. Nilichukua kilengeo kile kipya nikakipunguza kwa kubahatisha. Nilikiegemeza kushoto kiasi nilichodhani. Nilikigonga kwenye mtaro mpaka nilipodhani. Kwa makusudi nilitumia tupa la majembe, nikakikwaruza, nikakiacha kibaya. Mkono wangu uligoma kama punda lakini niliulazimisha. Kisha nikasimama uwanjani peke yangu, nikainama nilivyodhani yeye aliinama, nikapunguza mpaka risasi zikaingia katikati kwa mtu anayesimama hivyo. Nilikuwa nimeunda bastola kwa ajili ya mkono. Mkono wenyewe niliutunga.

Nikampelekea Giacinta nikamdanganya. Nilimwambia, nimegeuza mtutu kwenye mwanga nikauona mkwaruzo wa Bortolo wa zamani mtaroni, kilengeo nimekirudisha palepale. Mtaro ule niliusugua mwenyewe mwezi wa tisa ukang'aa kama kijiko. Aliniangalia kwa lile jicho la kunyamazishia watoto. Akasema Jumamosi twende wote.

Jumamosi ilikuwa baridi, milima imeshashika theluji juu. Nilimjazia bastola, nikarudi nyuma hatua tatu. Risasi ya kwanza ikaenda kwenye udongo chini kulia. Ya pili vilevile, karibu zaidi. Hakuwa na haraka. Aliubana mkono mbavuni, akaugeuza kidogo, akangoja, akaugeuza tena, kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani kwenye nyumba ya mwingine. Ya tatu ikagusa karatasi. Akainamisha kichwa zaidi ya nilivyowahi kumwona anakiinamisha. Ya nne ikaingia kwenye nane. Ya tano ikaingia kwenye kumi.

Hakuushusha mkono. Alibaki hivyo, shavu karibu kugusa bega, moshi ukipita usoni, silinda tupu. Alikaa muda mrefu. Ezio kule mbali aliacha kugonga misumari yake. Nilifikiri imefaulu, nilifikiri anamhisi, na nikajiambia uongo huu nitaenda nao kaburini kwa furaha.

"Siye huyu," alisema Giacinta, bila kugeuka.

Nilisogea hatua moja mbele.

"Kiwiko kinafanana. Lakini bega liko chini. Bortolo alikuwa mrefu kuliko huyu." Sauti yake haikuwa na ugomvi. "Ulikuwa hujaona mkwaruzo wowote, sivyo?"

"Sikuona."

Aliushusha mkono taratibu, akaiweka bastola mezani, mtutu kule mbele, kama inavyotakiwa. Akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja. Nikamwambia nitajaribu tena, nitainua bega, nitachonga kingine, nina chuma cha kutosha vilengeo mia. Akatikisa kichwa.

"Usimguse," alisema. "Nitamzoea."

Anakwenda kila Jumamosi. Risasi tano, mara nne. Mimi ndiye ninayemjazia sasa, ndilo ombi pekee alilonikubalia. Anapata vizuri, Ezio amemwambia ashiriki mashindano na yeye amemwambia apake rangi uzio. Akitoka pale anapitia sokoni, Jumapili anapika, ananisogezea sahani na tunaongea mambo ya watu. Akiwa na bastola anasimama kiwiko mbavuni, bega chini, kichwa kimeinama sana, na yule mtu anasimama naye, mfupi kidogo, mpole, asiyebishana na mtu. Yeye anasema siku nyingine anasahau kwamba siye.

Mimi sijamzoea. Kila Jumamosi nasimama hatua tatu nyuma ya shemeji yangu, namwangalia mtu niliyemchonga mwenyewe kwa tupa, na ninamtaka kaka yangu.